Kuzipa Mashine Majina

Mwanadamu hawezi kukaa na kitu siku nyingi bila ya kukipa jina. Mto auonapo mara ya kwanza ni mto tu. Akisha kunywa maji yake, akalima kandokando yake na kuzika jamaa zake karibu nao, neno hilo halimtoshi tena, naye huuita Tana, au Nzoia, au Athi. Mabaharia wa pwani yetu aghalabu hawakuridhika mpaka jahazi lao liwe na jina. Mfugaji wa Kipokot au wa Kimaasai humwita ng'ombe wake kwa jina litokalo katika rangi yake au pembe zake. Hata matatu, ambayo haijui siku yake ya kuvunjwa, hupita barabarani ikiwa na jina lililoandikwa kwa rangi ya kung'aa kuliko namba yake ya usajili. Si ajabu, basi, kwamba tarakilishi nayo, iliyoingia katika ofisi, benki, hospitali na shule zetu, na ambayo baadhi ya watu hukaa mbele yake saa nyingi kuliko wakaavyo na watoto wao, imepata majina.

Swali ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji, ni hili: je, ni jambo jema kuipa mashine ya kazini jina la kirafiki, jina kama lile tumpalo mtu? Swali laonekana dogo, na pengine la kuchekesha. Walakini mambo mengi makubwa huingia nyumbani mwa watu kwa mlango mdogo, na hili ni mojawapo.

Kwanza tujue kwa nini jina lahitajiwa. Tarakilishi zikiwa nyingi mahali pamoja huunganishwa katika mtandao ili zipelekeane habari. Katika mtandao huo kila moja ina anwani yake ya tarakimu, kwa mfano 10.0.4.17, na kwa tarakimu hizo mashine hufahamiana bila taabu. Lakini mtu si mashine. Mwambie mhazili apeleke barua kwa 10.0.4.17 na orodha ya mishahara kwa 10.0.4.71, na kabla ya saa ya chakula cha mchana siri za wakubwa zitakuwa mezani kwa wadogo. Kwa hiyo kila anwani hufungamanishwa na neno moja linaloshikika kichwani, na neno hilo ndilo jina la tarakilishi. Hadi hapo hapana falsafa yoyote. Ni haja ya kazi.

Falsafa huanza pale mtu anapoulizwa achague neno gani. Mwenye moyo mkavu huandika Ofisi Moja, Ofisi Mbili, Ofisi Tatu, akaenda zake. Mwingine huchukua milima: Elgon, Longonot, Suswa, Marsabit. Mwingine huchukua matunda, au sayari, au wanyama wa hadithi. Printa inayotafuna karatasi huitwa Fisi, na tangu siku hiyo hapana mtu anayeikasirikia sana, kwa maana fisi asipotafuna atafanya nini? Kicheko kidogo kimeingia ofisini, na kazi ya kuchosha imepunguza uchungu wake. Mimi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Siku ya kazi ni ndefu, na anayeifupisha kwa mzaha usiomdhuru mtu astahili shukrani.

Desturi hii ina umri karibu sawa na tarakilishi zenyewe. Mnamo Novemba 1951, katika mji wa London, kampuni ya J. Lyons, iliyojulikana kwa mikahawa yake ya chai na mikate yake, ilianza kutumia tarakilishi iliyoiunda yenyewe kupiga hesabu za idara yake ya kuoka mikate. Hiyo yahesabiwa kuwa tarakilishi ya kwanza duniani kufanya kazi ya kawaida ya biashara. Ilijaza chumba kizima. Waliiita LEO, herufi za kwanza za maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya ofisi ya kielektroniki ya Lyons. Lakini aliyesoma Kilatini husikia ndani ya jina hilo neno simba, na sisi twasikia siku hii tuliyo nayo. Wangeweza kuiita Kikokotoo Namba Moja, na ingefanya hesabu zile zile. Lakini Leo ni jina ambalo karani aweza kulitamka bila hofu, na mashine iliyojaza chumba yatisha kidogo tu mara iwapo na jina fupi.

Mwaka wa 1990 mtaalamu mmoja wa Marekani, Don Libes, aliandika waraka mfupi wa mashauri juu ya kuchagua jina la tarakilishi, na mafundi wa mitandao wausoma hadi sasa. Aliwaonya wasiipe mashine jina la mtu anayeitumia, kwa sababu likitajwa haitajulikana ni yupi anayesemwa. Aliwaonya wasiipe jina la kazi ifanywayo nayo, maana kazi hubadilika na jina hubaki likidanganya. Aliwaonya pia wajihadhari na maneno yaliyo na kazi nyingine katika mazungumzo ya kila siku. Onyo hili la mwisho laweza kueleweka vema kwa lugha yetu. Tuseme karani mcheshi ameiita tarakilishi ya hesabu Kesho. Mkubwa wake auliza, "Taarifa ya fedha iko wapi?" Ajibiwa, "Iko Kesho." Mkubwa anyamaza, arudi siku ya pili, auliza tena, na kwa ukweli mtupu ajibiwa tena kwamba iko Kesho. Hapo ugomvi umezaliwa, wala hapana aliyesema uongo.

Kuna wanaopinga desturi hii, nao ni wa aina mbili. Wa kwanza ni watu wazito, wasemao kwamba chombo ni chombo, na kukiita kwa jina ni mchezo wa watoto. Hawa sitawajibu kwa maneno mengi. Shirika la reli la Afrika Mashariki halikuwa shirika la watoto, na katika miaka ya 1955 na 1956 lilipopokea kutoka Uingereza garimoshi 34 za aina ya Garratt, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, lilizipa zote majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, na msomaji akipita huko atayaona majina hayo yameandikwa ubavuni. Mtu hulitunza zaidi lile aliloliita. Mwenye jahazi lenye jina huona aibu kuliacha lioze ufukweni, ambapo ubao usio na jina angeutia motoni.

Wapinzani wa aina ya pili ni wa siku hizi. Ni mafundi wenye tarakilishi maelfu katika majumba makubwa, ambao tangu mwaka wa 2012 hivi wamekuwa na msemo wao kwamba seva za zamani zilitunzwa kama paka na mbwa wa nyumbani, kila mmoja na jina lake, na akiugua huuguzwa. Lakini seva za sasa yafaa ziwe kama ng'ombe, wenye namba tu, na mmoja akiugua huchinjwa na mwingine huwekwa mahali pake. Msemo huo una maana njema katika kazi yao, kwa maana hapana awezaye kukumbuka majina elfu kumi ya seva, wala haifai biashara nzima isimame kwa sababu ya ugonjwa wa mashine moja. Lakini aliyeubuni hakupata kulala katika boma la wafugaji wetu! Mzee wa Kimaasai angeusikia angeuliza ni ng'ombe gani hao wasio na majina, na ni mchungaji gani huyo asiyewafahamu. Hata katika kutafuta mfano wa kitu kisichostahili jina, wameshika kile ambacho jirani zetu hukiita jina kabla ya vingi vingine.

Basi mpaka hapa nimelitetea jina la mashine. Sasa nitaligeukia upande mwingine, na upande huo ndio ulionifanya niandike.

Lugha yetu ina mizani yake ya kupimia vitu na watu, na mizani hiyo hutuonyesha hatari ilipo. Tukisema "tarakilishi imeharibika" twatumia kiambishi cha vitu. Tukisema "karani amekosea" twatumia kiambishi cha wenye uhai. Sasa ipe tarakilishi ya ofisi jina la Tumaini, kisha uwasikilize watu wa ofisi hiyo. Juma la kwanza watasema, "Tumaini imekwama." Baada ya miezi michache utawasikia wakisema, "Tumaini amekwama," "Tumaini amechoka leo," "Tumaini hataki." Hapana aliyewaamuru wabadili ngeli. Ulimi umevuka mto wenyewe, na moyo umeufuata nyuma.

Si kila jina huvusha hivyo. Feri ya MV Mtongwe ilipozama Mombasa mwezi wa Aprili 1994, na watu 272 wakafa, hapana aliyesema "Mtongwe amezama." Tulisema imezama, na maswali yaliyofuata yaliwaelekea watu: nani aliyewaacha abiria wengi hivyo wapande, na nani aliyekuwa na wajibu wa kuwazuia? Chombo kilikuwa na jina lakini hakikuwa mtu wa kulaumiwa. Tarakilishi ni mtihani mgumu zaidi kwa sababu, tofauti na feri, hutujibu. Huandika maneno, huuliza maswali, hukubali na kukataa. Na kitu kinachojibu kikiwa na jina, ni shida kubwa kukumbuka kwamba ni kitu.

Jambo hili lilijulikana mapema. Mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu katika chuo cha MIT huko Marekani, alichapisha habari za programu aliyoitunga ili izungumze na mtu kwa maandishi. Programu hiyo haikufahamu neno hata moja. Ilichukua maneno ya mtu ikayageuza kuwa swali. Mtu akiandika kwamba ana huzuni, huulizwa kwa nini ana huzuni. Weizenbaum aliipa jina Eliza, jina la msichana katika tamthilia ya Bernard Shaw ambaye afundishwa kusema kama mabibi wenye cheo. Baadaye alisimulia kwamba mhazili wake, aliyemwona akiitunga programu hiyo kwa miezi mingi na aliyejua vema kwamba ni programu tu, alikaa kuzungumza nayo, na baada ya maneno machache akamwomba bwana wake atoke chumbani. Siwezi kumcheka mama huyo. Mtu mwenye jambo moyoni hutafuta sikio, na jina Eliza lilimwahidi sikio. Lakini sikio halikuwapo.

Ikiwa jina laweza kumfanya mtu aitolee mashine siri zake, laweza pia kumfanya aitupie mashine lawama zake. Fikiri juu ya mama mjane aliyesafiri kutoka kijijini tangu alfajiri kufuata malipo ya uzeeni ya marehemu mumewe. Afika dirishani, atoa karatasi zake. Kijana wa ofisi abonyeza vitufe, atazama kioo, kisha asema kwa upole, "Mama, Tumaini amekataa." Mama auliza, "Amekatalia nini?" Kijana ainua mabega. "Sijui, mama. Ndivyo alivyosema. Rudi mwezi ujao."

Kijana huyo si mkatili, na pengine anamhurumia kweli. Lakini tazama kilichotendeka. Mahali fulani mtu aliandika kanuni katika programu. Mtu mwingine aliingiza tarehe ya kifo cha mume, na labda aliikosea. Mtu wa tatu ana madaraka ya kuirekebisha. Wote watatu wana majina, wana wazazi, wana aibu na heshima. Wakiitwa wangelazimika kujibu. Lakini jina lililotajwa dirishani ni la nne, jina lisilo na mtu nyuma yake. Mjane akitaka kushtaki, amshtaki nani? Akitaka kubembeleza, ambembeleze nani? Tumaini hana masikio, wala mama, wala mzee wa ukoo wa kumwendea jioni. Mtoto wa Kikuyu hupewa jina la babu yake ili ijulikane ni wa nani. Jina la mtu popote lilipo ni kamba iliyofungwa kwa watu wengine, na ukiivuta mtu hutokea. Vuta jina la mashine, na kamba yaja mikononi mwako ikiwa tupu.

Mtu ataniambia kwamba natia chumvi, na kwamba hapana ofisi ambapo jambo kama hilo lingeweza kufika mbali. Nami nitamwonyesha Uingereza. Tangu mwaka wa 1999 shirika la posta la nchi hiyo lilitia katika matawi yake mfumo wa tarakilishi wa kuweka hesabu, ukaitwa Horizon, yaani upeo wa macho, pale mbingu na nchi zikutanapo. Ni jina zuri, la kumfanya mtu atazame mbele kwa matumaini. Mfumo huo ulikuwa na makosa ndani yake, na makosa hayo yalionyesha upungufu wa fedha ambapo hapakuwa na upungufu. Wasimamizi wa matawi madogo, wengi wao wenye maduka vijijini, watu walioaminiwa na majirani zao miaka mingi, waliambiwa wameiba. Walipopiga simu kulalamika, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye matatizo. Wengine waliuza mali zao ili kulipa fedha ambazo hawakuzichukua. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, na baadhi yao wakafungwa gerezani.

Mahakama iliwezaje kuamini hivyo? Sababu moja ni sheria yenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria ya Uingereza ilichukulia kwamba tarakilishi ilikuwa ikifanya kazi sawasawa mpaka kithibitike kinyume chake. Na muuza duka wa kijijini angethibitisha kwa nini, ilhali hakuruhusiwa kuufungua mfumo autazame? Mashine ilisimama kizimbani kama shahidi asiyeulizwa swali, na mtu mwenye jina la ukoo wake aliambiwa kuwa mwongo. Ni Desemba 2019 tu ambapo jaji aliamua kwamba mfumo ulikuwa na makosa yaliyoweza kuharibu hesabu. Aprili 2021 mahakama ya rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka wa 2024 Bunge likafuta za mamia wengine kwa sheria. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa.

Sisemi kwamba jina Horizon ndilo lililowafunga. Mfumo ule ungeitwa Namba Saba makosa yangekuwa yale yale. Nasema kwamba kwa miaka mingi neno moja zuri lilitajwa mahali ambapo yalipaswa kutajwa majina ya watu: aliyeandika programu, aliyejua makosa yake, aliyetia sahihi mashtaka. Majina hayo yalianza kutamkwa hadharani baada ya miaka ishirini.

Kuna jambo jingine, nalo latuhusu sisi kwa karibu zaidi. Nimezitaja garimoshi zilizopewa majina ya milima mwaka wa 1955 na 1956. Msomaji anayejua historia ya nchi yake atakumbuka miaka hiyo ilikuwa ya namna gani. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952 na kuendelea hadi 1960. Katika kambi za kizuizini maelfu ya watu waliwekwa bila ya kuhukumiwa, nao waliandikishwa kwa namba. Basi katika nchi moja, chini ya serikali moja, chuma kilichandikwa jina la mlima, na mwana wa watu akaitwa kwa tarakimu.

Wala hilo halikuanza hapo. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika, tangu akiwa na miaka kumi na sita, alilazimika kuwa na karatasi yenye namba yake, alama za vidole vyake na habari za mabwana aliowafanyia kazi, na wengi waliitia katika kijaluba cha bati wakakitundika shingoni. Harry Thuku na wenzake walipinga jambo hilo mapema katika miaka ya 1920. Jina la mtu nalo lilikuwamo katika karatasi ile, lakini lilikuwa limefungiwa ndani ya bati. Nje, jikoni na shambani, mtu mzima mwenye mke na watoto aliitwa "boi", na mbwa aliyelala barazani aliitwa kwa jina lake.

Kwa sababu hiyo niionapo ofisi ambayo kila tarakilishi ina jina la kupendeza, mimi huuliza swali moja kabla ya kucheka pamoja nao. Huuliza, mama anayefagia ofisi hii anaitwaje? Mara nyingi hapana ajuaye. Wamjua kuwa ni "yule wa usafi". Mlinzi wa lango aliyekesha akiwalindia mashine hizo ni "soja". Kijana aletaye chai ni "wewe". Wajua kwamba Elgon ni mpole na Suswa huchelewa kuamka siku za Jumatatu, lakini hawajui kwamba yule wa usafi ana mtoto anayengojea karo. Kumpa jina asiye na haja nalo na kumnyima aliye nalo tangu kuzaliwa si mzaha tena. Heshima ni kama maji ya mtungi mmoja. Ukimwagia kiatu, mwenye kiu atakuja aukute mtungi mkavu.

Je, tuache basi kuzipa mashine majina? Hasha. Nimekwisha kusema kwamba haja ya kazi yataka majina, na kwamba mzaha mwema ni dawa ya uchovu. Lakini kuna majina na majina. Jina la mlima, la mto, la tunda au la ndege hukaa vema juu ya mashine, kwa sababu ulimi haudanganyiki nalo upesi: hapana atakayesema kwa moyo mmoja kwamba Chungwa amekataa malipo ya mjane. Jina la mtu aliye hai lina hatari, na jina la mtu anayechekwa ofisini lina ubaya. Majina ya kike nayo yataka kufikiriwa. Siri ilipotokea mwaka wa 2011 na Alexa mwaka wa 2014, huko Marekani zilisemeshwa kwa sauti ya mwanamke, na mwaka wa 2019 shirika la UNESCO lilionya kwamba mtoto aliyezoea kuamuru sauti ya kike isiyochoka wala kukasirika aweza kudhani kwamba ndivyo mwanamke apasavyo kuwa. Nadhani onyo hilo ni la kweli, hasa katika nyumba ambazo tayari dada huamriwa kuliko kaka.

Yamkini baadhi yenu, wasomaji, mmo katika shule yenye maabara ya tarakilishi, na siku moja mwalimu atawaomba mzitafutie majina. Zipeni, na mcheke mtakavyo. Kisha chini ya kila jina, katika kibandiko kile kile, andikeni jina la pili: la mwanafunzi au mwalimu aliye na dhamana ya mashine hiyo, atakayeitwa ikikosea na atakayelazimika kujibu kwa kinywa chake. Maziwa yatoshea: Baringo, chini yake jina la kiranja, Turkana, chini yake jina la mwalimu wa hesabu. Kazi hiyo yahitaji karatasi ndogo na gundi. Na mtu akihamishwa, karatasi hubanduliwa, ikabandikwa nyingine.